Ngula Haifuliwi

Nilisikia jiwe kabla ya kuona kilima.

Ukungu wa Masisi unaujua, rafiki yangu, hata kama hujawahi kufika kwetu. Ni ule unaoatamia vilima asubuhi kama kuku juu ya mayai, wala hauondoki mpaka upende wenyewe. Nilikuwa nimeshuka kwenye kamyo, lori la mizigo, karibu na Kashuga, nikaanza kupanda kwa miguu njia ya nyumbani ambayo sikuwa nimeikanyaga tangu nilipokwenda kusoma mjini, na sikuona mbali kuliko vidole vya miguu yangu. Ndipo nikasikia: khrrr, khrrr, khrrr. Kitu kigumu kilikuwa kinasuguliwa juu ya jiwe lenye maji, polepole, na baada ya kila msuguo pumziko dogo, kama mzee anayevuta pumzi mlimani.

Miguu yangu ilisimama. Uso ukapata moto katikati ya baridi ile. Mwili una akili yake: ulikumbuka aibu kabla kichwa hakijakumbuka ilitoka wapi.

Ukungu ulipopasuka nikamwona mwanamume nisiyemjua amechuchumaa uani, pale palipokuwa kwetu, ananoa panga. Lakini jiwe nililijua. Lilikuwa na shimo katikati, laini kama bakuli, na shimo lile halikuchimbwa na panga.

"Jambo, Papa."

"Jambo, mama. Weye ni wa kwa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akaliacha panga, akacheka kicheko kisicho na ubaya wowote, na hicho ndicho kilichoniumiza.

"Ah! Weye ni mutoto ya kwa Mama ya Ngula! Kumbe muko bado! Karibu, karibu. Hii jiwe njo yenu. Inanoa muzuri, sikudanganye."

Alinipa uji wa mtama, moto, wenye ile harufu ya moshi ambayo mjini hawajui kuipika. Nikanywa huku nikilitazama jiwe. Mvua za miaka zilikuwa zimelisafisha. Hapakuwa na hata doa moja jekundu.

Mama ya Ngula alikuwa bibi yangu. Sisi tulimwita Koko. Hakuzaliwa kilimani. Alizaliwa Kibua, upande wa Walikale, huko chini ambako msitu unafunga mbingu na watu wanaijua mvua kwa kuisikia juu ya majani kabla haijawagusa. Babu alishuka huko siku moja kubadilisha maharage kwa mafuta ya mawese, akapanda na mafuta na mke. Ndivyo Koko mwenyewe alivyosema, na kila mara aliongeza: "Mafuta iliisha. Miye nilibakia."

Kilima chetu kilikuwa cha wakulima Wakristo, watu wa maharage na muhogo, wenye mistari ya shamba iliyonyooka kama mistari ya kitabu cha nyimbo. Koko alibatizwa, akajifunza nyimbo, akalima kama wengine. Lakini hakuacha kucheza na rangi. Na ulipofika wakati wa misheni kuwafundisha wanawake kushona blanketi kwa vipande vya nguo zilizochakaa, alikuwa wa kwanza kuketi mkekani. Wanawake wengine walishona miraba, mraba kando ya mraba, kama walivyoonyeshwa. Koko alishona milima.

Natamani ungeona. Alichukua amerikani nyeupe na mifuko ya unga iliyofumuliwa, akaipa rangi kwanza, kisha akakata: kipande cha kilima, kipande cha ng'ombe, kipande cha moshi unaotoka juu ya nyumba. Alipanga vipande sakafuni usiku haujaingia, akavizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akasogeza kimoja, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Katikati aliweka blanketi kuukuu, lile lililochoka hata halikuweza tena kumfunika mtu, na chini yake kitambaa kigumu. Kisha akapiga bandi kwa mkono, tabaka zote kwa pamoja, na uzi ulipita ukisema fyuu, fyuu, huku maharage yakichemka jikoni na mama akituita tukachambue mboga.

Rangi nyeusi ilitoka bondeni, kwenye tope la mafunjo. Kwanza tulichemsha kitambaa na maganda ya mti mpaka kikawa na rangi ya chai, kisha tukakizika topeni kama maiti. Tulipokifukua kilinuka vibaya hata mbwa alihama uani. Lakini kilikuwa cheusi, na weusi ule haukutoka kwa sabuni wala kwa jua. Rangi ya udongo ilitoka kwa mgomba: unakata shina, unakinga utomvu wake, na unajua mwenyewe utomvu wa mgomba ukigusa nguo umeoana nayo. Ya njano ilitoka kwenye mizizi tuliyochimba kando ya mto. Hizo tatu. Kwa hizo tatu Koko alitengeneza dunia, na kilima kizima kikamwita fundi. Watu walitoka hata Buleusa kuja kutazama. Walisimama mlangoni na kusema, "Huyu mama, mukono yake iko na macho."

Mimi nilikuwa na mikono pia, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Shuleni, mwalimu alitukagua kucha. Tulisimama mstari, mikono mbele kama wanaoomba, naye akapita na fimbo nyembamba. Vidole vyangu vilikuwa vimeoana na utomvu wa mgomba. Nilivisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu mpaka vikachubuka, na bado vilikuwa vya rangi ya mtu aliyetoka kuchimba kaburi.

"Hii ni mikono ao mizizi?" mwalimu aliuliza, na darasa likaanguka kwa kicheko.

Tangu siku hiyo wenzangu waliniimbia njiani: "Mizizi, Mizizi, ota tukupande!" Nikirudi nyumbani nililia, na Koko akanishika viganja, akavigeuza, akavitazama kama mtu anayekagua kitambaa.

"Imeshika muzuri," alisema.

Lakini rangi hizo zote, kwake, zilikuwa za kungojea. "Hii ni rangi ya kupitisha siku," alisema. "Rangi iko moya." Kisha akatuhadithia ngula, mti wa msitu wa kwao, mwekundu ndani kama nyama. Kibua wasichana waliusugua juu ya jiwe lenye maji mpaka ukatoa unga laini, na bibi-arusi akapakwa unga ule na mafuta ya mawese, akang'aa kuanzia kisogo mpaka vifundoni, hata msitu wenyewe ukageuka kumtazama. "Shiye batoto banamuke tulikuwa tunasugua tu," alisema. "Kazi zingine zilikuwa za bamama." Alisema hivyo kwa fahari, akionyesha kwa mikono jinsi ya kusugua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyelishika neno lile. Tuliona mikono, hatukusikia maneno.

Jiwe alilokuwa akisugulia mizizi ya njano lilikuwa hilo hilo la uani. Shimo lake lilianza hapo.

Ndipo dada yangu mkubwa akachumbiwa. Na akachumbiwa na nani? Seremala kijana wa Kibua, aliyekuja kutengeneza mabenchi ya kanisa letu akamaliza mabenchi na hakuondoka. Koko alipoambiwa kijana anatoka wapi, aliingia shambani akalima mpaka jua likazama, akilima mahali palipokwisha kulimwa.

Wakwe walipoleta vitu vyao, pamoja na mbuzi na mafuta waliweka kitu kirefu kilichofungwa kwa majani. Kilikuwa kigogo cha ngula. Walimkumbuka binti yao aliyepanda mlimani. Koko alikifungua, akakinusa kama mama anavyonusa utosi wa mtoto mchanga.

"Sasa," alisema, "mutaona."

Unajua desturi: upande wa bibi-arusi unaleta vya kulalia. Mkeka, mto, blanketi. Miaka ile kila aliyejiweza alinunua blanketi magazini, yaani dukani, yale ya mistari. Dada yangu alilitaka hilo. Alilitaka kuliko alivyotaka sufuria.

"Koko, mi nataka ya magazini. Ile ya mustari ya bluu."

"Ile kila muntu iko nayo. Hata bafungwa ku gereza banajifunika ile."

"Basi mi nitakuwa mufungwa. Lakini tafazali, Koko."

Koko alicheka, akampiga kofi dogo la mgongoni, na mambo yakawa yameamuliwa. Dada alitazama chini. Niliona, lakini nani humsikiliza mtoto wakati watu wazima wanafurahi?

Tulisugua ngula majuma mengi, khrrr, khrrr, tukipokezana, Koko akishika zamu ndefu zaidi, akiimba nyimbo ambazo hazikuwa za kanisa. Alichuja maji ya majivu, yaleyale tunayotia kwenye mboga ngumu, akachanganya na unga mwekundu, akachemsha amerikani humo. Ilipotoka chunguni, mama alishika mdomo. Hata mimi, Mizizi, nilisahau kununa. Sijui nikuambieje wekundu ule. Ulikuwa kama kitu kilicho hai.

Nyekundu ile Koko hakuikata ng'ombe wala maua. Alikata njia. Blanketi lilikuwa na vilima juu, vya njano na vyeusi, na chini msitu wa rangi ya mgomba, jani juu ya jani. Toka kona ya vilima mpaka kona ya msitu ilishuka njia moja nyekundu, ikipinda, ikivuka mto, ikipita nyuma ya mti na kutokea tena. Njia aliyopanda yeye akiwa bibi-arusi. Njia atakayoshuka mjukuu wake. Hakueleza. Haikuhitaji kuelezwa. Wakwe wa kule chini, wale waliomwona akiondoka na mtu wa maharage, wangeliona na kujua kwamba binti yao alifika, akawa mtu.

Mama yangu, mwenye woga wa kila kitu, alisema, "Mama, tuifue mara moya tu, tuone."

Koko aligeuka na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Kitambaa ya arusi inafuliwa mbele ya arusi? Mi sijaona. Mukitaka kuosha bahati ya mutoto, basi muioshe."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa: kitu cha arusi hakiingii maji kabla ya arusi. Blanketi likakunjwa likiwa kavu, halijajaribiwa.

Nguo nyeupe ya dada haikuwa ya dada. Kanisa letu lilikuwa na gauni moja jeupe la arusi, lenye mikono mirefu na vifungo vidogo mgongoni, na kila msichana wa kilima aliolewa ndani yake kwa zamu, akalirudisha limefuliwa na kupigwa pasi kwa ajili ya atakayefuata. Mwenyekiti wa akina mama alimkabidhi dada gauni lile kama anayemkabidhi mtoto. "Liko la beote," alisema. "Ulivae, lakini liko la beote."

Tulishuka kwa kamyo la mfanyabiashara, juu ya magunia ya maharage. Kadiri tulivyoteremka, hewa ilizidi kuwa nzito na tamu, na miti ilisogea karibu. Koko alishika nguzo ya kamyo na kutazama mbele, na kila mti ulipopita niliona midomo yake ikicheza, kama anayeita majina. Kabla ya Kibua mvua ilitunyeshea, si nyingi, na blanketi lililokuwa juu ya mizigo likapata unyevu. Koko aliligusa. "Iko muzuri," alisema.

Mahali kamyo lilipoishia, wakwe walikuwa wametungojea na kipoi, kiti cha kubebwa mabegani na vijana wanne, ili bibi-arusi asifike kanisani na tope miguuni. Dada alibadilisha nguo katika nyumba ya watu, akatoka ndani ya gauni jeupe. Alikuwa mzuri mpaka niliona woga. Koko mwenyewe alitandika blanketi kwenye kiti, akaliacha literemke pande zote mbili ili njia nyekundu ionekane na kila mtu, kisha akamketisha dada juu yake.

Jua lilitoka. Msitu ulianza kutoa mvuke. Vijana waliimba, wakamrusha rusha kidogo kama desturi, dada akashika viegemeo akicheka kwa hofu, jasho likimtiririka. Wanawake wa Kibua walitukuta njiani na vigelegele. Wengine waligusa blanketi na kusema "Eeeh!" na Koko alitembea kando ya kiti, ameinua kichwa, kama mtu anayerudi na nyara.

Mbele ya mlango wa kanisa waliweka kiti chini. Dada alisimama. Akageuka ili mama amnyooshee gauni.

Vigelegele vilikatika kama uzi.

Toka kiunoni mpaka magotini, nyuma, gauni la watu wote lilikuwa jekundu.

Utaniwia radhi kwamba sitamaliza kuandika yote yaliyosemwa. Mwanamke mmoja alisema chini chini, "Ameingia mu mwezi." Mwingine akasema, "Mwezi gani ule? Ile ni mimba imetoka." Mchungaji aliyesimama mlangoni alianza kupangusa miwani yake. Bwana arusi alitazama viatu vyake vipya. Na baba yake mdogo, mtu mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, akasema, "Bamurudishe kwao. Leo haiko arusi. Hatuingize kitu hii mu kanisa."

Dada hakulia. Alikuwa hajajua bado. Alituangalia mmoja mmoja, akitafuta usoni mwetu kilichotokea, na sote tuliangalia pembeni. Kisha akapeleka mkono nyuma, akaurudisha, akauona.

Kumrudisha msichana kutoka mlango wa kanisa: unajua maana yake. Hakuna kilima ambacho kingemwoa tena. Mama yangu alipiga magoti palepale topeni.

Ni Koko aliyekwenda. Alilivuta blanketi kutoka kitini, akalibeba kifuani mpaka kwenye pipa la maji ya mvua chini ya ukingo wa paa, akalizamisha lote. Wote tulimsikia akishusha pumzi. Alilikandamiza kwa mikono kama anayekanda unga, akalitoa, akalikamua, na maji yakashuka mekundu juu ya miguu yake, juu ya mawe, yakakimbia kwa mfereji mpaka miguuni pa yule baba mdogo, naye akaruka.

"Mutazame!" Koko alipaza sauti. "Ni damu ya nani inajaza pipa? Iko ngula! Iko ngula yenu, mulituma beneyewe! Mutoto iko safi. Miye njo niliharibu."

Mwanamke mzee akajipenyeza mbele, mwenye meno machache na fimbo. Akaweka uso wake karibu na uso wa Koko, akauchungulia kama dirisha.

"Ee! Si weye tulisugua naye ku jiwe?" Akamgeukia kila mtu, amefurahi kweli, masikini, furaha ya kumpata aliyepotea. "Ndugu yangu, weye nani alikudanganya? Ngula haifuliwi! Inapakwa! Ku kitambaa ya gome inapakwa na mafuta, haione maji. Ulipanda kule mutoto, na maziwa bado ku midomo. Bamama hawakukufundisha!"

Kicheko kilianza kwa akina mama, kikapita kwa vijana wa kipoi, kikawafikia hata watoto. Kilikuwa kicheko cha kufunguliwa, watu walikuwa wameogopa, sasa hawaogopi. Mtu mmoja akasema, "Na balisema kule milima iko fundi!" Mwingine, "Fundi ya kusugua!"

Koko alisimama na blanketi likimchuruzika. Angeweza kusema kwamba rangi zake nyeusi na za mgomba hazikutoka. Kweli hazikutoka, vilima vilibaki, msitu ulibaki. Hakusema. Alisema tu, "Njo vile. Nilikuwa mutoto. Sikufundishwa."

Mama mkwe alivua kitenge chake cha pili, akamfunga dada kiunoni, akamshika mkono akamwingiza kanisani. Arusi ikafungwa. Nilikaa benchi la nyuma, na wakati wa nyimbo zote nilisikia kupitia ukutani Koko akikamua.

Karamuni kulikuwa na wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yenye mawese, samaki wa kukaushwa na kuku. Kila chakula kilipata mzaha wake. Mawese yakamwagika, mtu akasema, "Angalia, ngula!" Kijana akamwonya mwenzake asinawe mikono isije ikatoka. Dada aliketi kati ya wakwe na kitenge cha mkopo, akitabasamu pale alipotakiwa kutabasamu. Blanketi lilitundikwa uani, kwenye uzio. Njia ilikuwa imetoka. Mahali pake palikuwa peupe, kama kovu, na wekundu wake umetawanyika juu ya vilima kama ukungu wa rangi ya waridi.

Gauni tulilirudisha kilimani, tukalifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jua la wiki nzima. Halikutakata. Rangi iliyokataa kushika pale ilipopendwa ilishika pale ilipokatazwa. Kikabaki kivuli cha waridi nyuma, na kanisa halikuwa na uwezo wa gauni jingine, kwa hiyo kila msichana wa kilima chetu aliyeolewa baada ya hapo alishonewa utepe mpana wa kukifunika. Kila arusi, watu walitazama utepe, kisha wakatutazama sisi. Ndiyo sababu mimi Jumapili za arusi nilikuwa naumwa tumbo.

Koko hakutia tena kitambaa rangi. Tope la bondeni lilibaki na vyura wake. Alipofariki, vidole vyake vilikuwa safi kabisa, na niliviangalia nikasikitika kuliko nilivyosikitika kwa uso. Wanawake waliojifunza kushona kwake walirudi kwenye miraba, kisha kwenye blanketi za mistari. Leo ukipita Kashuga mpaka Buleusa hutaona nyumba yenye kilima ukutani. Hakuna anayekumbuka kwamba nyeusi ilishika, kwamba ya mgomba ilishika, kwamba kwa rangi tatu mtu mmoja alitengeneza dunia. Kilichobaki ni jina, Mama ya Ngula, na jiwe zuri la kunolea panga. Na mimi hapa, na vidole vyenye wino, ninayesuguasugua.

Nimeuacha mlango mwisho, rafiki yangu, kwa sababu ni huo ninaousikia.

Kule kwa wakwe, jioni ya karamu, ulifika wakati wetu wa kuondoka. Koko alikuwa ametufundisha tangu zamani: waliomsindikiza bibi-arusi hawaagi. Wanatoka, na ni bibi-arusi mwenyewe, kwa mkono wake, anayefunga mlango nyuma yao. Akifungiwa na mwingine, atarudi. Baba na mama walitangulia. Mimi nikafuata. Koko alikuwa wa mwisho, blanketi bichi begani. Alisimama kizingitini, akamgeukia dada, akafungua mdomo.

"Muende salama," dada alisema, kabla Koko hajasema neno, na akafunga.

Kona ya blanketi ilibaki imebanwa mlangoni. Koko alisimama nje, amegeukia ubao. Angeweza kugonga. Angeweza kuvuta. Alingoja tu, mkono juu ya kitambaa, kama mtu aliyeshikwa nguo na mtoto asiyetaka aondoke.

Mlango ukafunguka kidogo, upana wa kidole. Kona ikasukumwa nje kwa mguu.

Kisha ukafungwa.